Kabla ya Sanduku: Tulikojifunza Kuaminiana

Kamati ya maadhimisho ya kikundi chetu ilituomba tuandike historia ya miaka hii kumi. Hesabu zake, yaani hisa, mikopo na migao, mtazisoma katika taarifa ya mhazini, naye ameziandika vizuri kuliko sisi. Sisi tumeona turudi nyuma zaidi. Maana wengi, hasa mabinti zetu waliojiunga juzijuzi, wanadhani kikundi kilianza siku ile lilipoletwa sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Sanduku lilinunuliwa kwa siku moja. Watu wa kukaa kulizunguka bila kuogopana hawakupatikana kwa siku moja.

Sanduku lenyewe na taratibu zake si mali yetu. Njia hii ya kununua hisa, kukopeshana na kugawana mwisho wa mzunguko ilianza kule Niger, Afrika Magharibi, mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Ikaja Zanzibar, kisha ikavuka bara, na watu wakaizoea kwa jina la VICOBA. Tunaishukuru sana. Lakini taratibu hizo hizo zilipelekwa sehemu nyingi, na kila mmoja wetu anajua kikundi kilichovunjika kabla ya mgao wa kwanza. Kufuli walikuwa nazo, katiba walikuwa nayo. Kilichokosekana ni kingine.

Sisi tunasema hivi, na atakayebisha abishe: akina mama wa hapa Rau walikuwa wameshazoea jambo gumu kuliko kuhesabu pesa, nalo ni kusema ukweli wa nyumba yako mbele ya wenzako. Jambo hilo walilizoea kanisani, na kwa nguvu zaidi walilipata katika ule Uamsho ambao bibi zetu waliuita kwa ufupi tu, "wokovu".

Tuanze na kanisa. Rau yetu iko chini ya Uru na Old Moshi, karibu na mji, na dini ilitufikia kwa njia zaidi ya moja. Waanglikana wa CMS walifika Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1885, wakaondoka mwaka 1892 wakati wa vita vya Wajerumani na Mangi Meli. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikwisha kuanza kazi Kilema. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakaenda Mamba mwaka uliofuata, na mwaka 1896 wakaanza pale Kidia, Old Moshi. Ndiyo maana mlima wetu umegawanyika hivi ulivyo: ukisema Kibosho, Uru, Kilema au Rombo watu wanawaza Wakatoliki, na ukisema Machame, Old Moshi, Mamba au Mwika wanawaza Walutheri. Rau imepokea wa kila upande, na ndugu Waislamu pia, na siku hizi makanisa ya kiroho ya kila namna. Hata salamu zetu za mwanzo wa kikao zilileta mjadala. Mmoja akisimama na kusema "Bwana Yesu asifiwe", mwingine anataka "Tumsifu Yesu Kristo", na yupo mwenzetu anayefunga Ramadhani. Tulimaliza kwa kukubaliana kwamba anayefungua kikao asalimie kwa desturi yake na wengine waitikie kwa adabu. Imekwenda hivyo mpaka leo.

Pale Kidia aliishi kwa miaka mingi mchungaji Mjerumani aitwaye Bruno Gutmann. Alifika Kilimanjaro mwaka 1902 na akaondoka moja kwa moja mwaka 1938, ingawa katikati Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani kwa miaka kadhaa. Gutmann alikuwa na wazo lake. Aliona kwamba Mchagga hasimami peke yake. Anasimama katika ukoo, katika ujirani na katika rika. Basi usharika nao ujengwe juu ya hayo matatu. Kila mtaa ukawa na mzee wake wa kanisa. Vijana wa kipaimara walifungwa wawili wawili, kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake, amwonye akipotea na amsaidie akianguka.

Wapo waliomlaumu Gutmann, tangu enzi zake. Walisema alitaka Wachagga wabaki kama babu zao, wakati wao wenyewe walikuwa wanataka shule, kahawa na gari. Lawama hiyo ina ukweli. Nasi tunaongeza ya kwetu: wazee wale wa mitaa walikuwa wanaume, na mambo ya mama yalijadiliwa na watu ambao hawakuwa wameyabeba mgongoni. Lakini desturi ya kuulizana hali kwa mtaa haikufa. Wakatoliki nao, baada ya maaskofu wa Afrika Mashariki kuzipa kipaumbele jumuiya ndogondogo mwaka 1976, walianza kukutana nyumba kwa nyumba. Wakati huo WAWATA ilikuwa tayari imeanza, tangu mwaka 1972. Kwa hiyo mama wa Rau, awe wa upande huu au ule, alikuwa anajua kukaa kwenye kigoda cha jirani, kusoma Neno, kutoa senti zake na kuona zinaandikwa kwenye daftari.

Sasa tuje kwenye Uamsho, maana hapo ndipo penye utamu na pia penye maumivu.

Moto ule haukuanza kwetu. Ulianza Rwanda na Uganda katika Kanisa la Anglikana. Mwaka 1929 daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Joe Church, alikutana Kampala na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi, wote wawili wakiwa wamechoka kiroho, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutoka hapo mambo yakaendelea kidogo kidogo, kisha kwa kishindo. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alihubiri Gahini kwa moto mkubwa akafa akiwa bado kijana, Januari 1936. Mwaka 1937 timu ilifika Kenya. Bukoba ukaingia upande wa Walutheri, na mmoja wa waliookoka huko, Josiah Kibira, baadaye alikuwa askofu na kisha, kuanzia mwaka 1977, Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani. Huku mlimani wokovu ulipanda hasa katika miaka iliyofuata vita kuu ya pili, ukiletwa na wahubiri, walimu, na watu wa kawaida waliosafiri na kurudi wakiwa wengine.

Watu wale walifanya nini hasa? Hawakuanzisha kanisa jipya. Walibaki katika makanisa yao, ila walikutana katika vikundi vidogo, na humo kila mmoja alisema wazi alivyoishi tangu walipokutana mara ya mwisho. Waliita "kutembea nuruni". Aliyeiba jembe alilirudisha. Aliyemdhulumu jirani mpaka wa shamba alikwenda kukiri. Mume alimwomba mke msamaha, tena mbele ya watu, jambo ambalo wengine walisema ni aibu ya ukoo. Na mwanamke, ambaye kwenye baraza hakuwa na kauli, alisimama akasema. Hakuhitaji cheo wala ruhusa ya mzee wa mtaa. Ushuhuda ulikuwa wake. Kanisa lenyewe lilichukua muda mrefu zaidi: KKKT ilikubali wanawake kubarikiwa kuwa wachungaji mwaka 1990. Lakini bibi zetu walikuwa wanasema mbele za watu miaka mingi kabla ya hapo.

Kuna upande wa Uamsho ambao hauandikwi sana katika vitabu vya wanaume, nao ni pombe na pesa. Kwetu mbege ni kazi ya mama. Yeye ndiye anayechemsha ndizi mbivu na kuziacha zikae, anayeotesha na kusaga ulezi, anayetia maji ya gome la msesewe, na ndiye anayepima na kuuza. Katika nyumba nyingi hiyo ilikuwa ndiyo hela ya mkononi ya mama. Kahawa ilikuwa ya baba. Tangu enzi za chama cha wakulima cha mwaka 1925 na KNCU iliyofuata mwaka 1933, aliyeandikwa chamani ni mwenye kihamba, na mwenye kihamba ni mwanamume. Mama alipalilia, alichuma na kubeba. Malipo yalipotoka, aliyekwenda kuyapokea ni mzee, na mengine yaliishia njiani.

Basi fikiria mama aliyeokoka. Wenzake wa fellowship wanasema pombe ni dhambi, na yeye anakubali, maana ameona ilivyomfanya mumewe. Anavunja chungu. Kesho yake mtoto anadaiwa ada, chumvi imekwisha, na ile hela ya mbege haipo tena. Mume, kama hajaokoka, anamcheka: nenda kamwombe huyo Yesu wako akununulie sabuni. Hapo ndipo imani ilipopata jaribio lake la kweli, si kwenye mkutano wa hadhara.

Mama hao walifanya nini? Waliuza maziwa. Waliuza ndizi, mboga na mayai sokoni. Walilima mpunga na mahindi huku tambarare, kwenye maji ya Mto Rau. Na walisaidiana. Waliookoka pamoja waliitana "dada" hata kama ni wa koo zilizokuwa hazisemezani. Mmoja akiwa na shida, wengine walikusanya kidogo kidogo wakampa, na zamu ya mwingine ikaja. Hawakuita kikundi, wala hawakuwa na katiba. Ila kitu kile, cha kutoa leo kwa imani kwamba kesho utakumbukwa, ndicho tulichokikuta tayari tulipoleta sanduku. Upatu nao ulikuwepo, na una historia yake; lakini upatu ulimtaka mtu alete pesa tu, haukumuuliza anaishije.

Jamani, tusiupambe Uamsho kupita kiasi. Kulikuwa na ukali. Kuna watu waliotubu kwa niaba ya wengine, yaani mtu anasimama kukiri dhambi yake na kumtaja na aliyekuwa naye, na nyumba ya mwenzake inavunjika jioni hiyo hiyo. Kuna mabinti walioonekana si wa kiroho kwa sababu ya nywele au gauni. Na kwa habari ya madeni, palitokea mgawanyiko mkubwa. Katika miaka ya 1970 huko Uganda, baadhi ya ndugu wa Uamsho walisema wenzao wamelala tena, wakajiita Waliozinduka, na kati ya mambo waliyoyapinga ni kukopa. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 13, juu ya kuwiwa, na wao waliyashika maneno yale kama yalivyo. Wengine walijibu kwamba mkopo unaolipwa kwa wakati si kuwiwa kunakosemwa pale. Ndugu hao walioimba wimbo mmoja, "Tukutendereza Yesu", walifika mahali pa kutosalimiana.

Mabishano hayo tuliyarithi. Kikundi chetu kilipokuwa kichanga, bibi mmoja, muumini wa siku nyingi, alikuja akanunua hisa kila kikao bila kukosa, lakini mkopo alikataa katakata. "Mimi nimeokoka, sikopi." Mama mdogo wake kwa umri akamjibu, "Bibi, nasi tumeokoka, ila ada ya mtoto haingoji." Wakacheka wote, lakini jambo halikuwa la kuchekesha. Kama wote wangefanya kama bibi, sanduku lingekuwa kibubu tu, na faida isingekuwepo. Kama hakuna angekuwa kama bibi, nani angekuwa mkumbushi wetu kwamba pesa iliyomo ni jasho la mtu mwingine? Tulimpa ufunguo mmoja kati ya mitatu. Ameushika miaka yote hii.

Hapa tuseme neno kuhusu kwa nini akina mama walihitaji kukopa kuliko bibi zao. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika mwaka 1989, na bei ikaanguka. Kahawa, ambayo iliwahi kujenga shule na kusomesha watoto wa mlima huu, haikuweza tena kubeba nyumba. Watu wengine waling'oa mibuni wakapanda migomba, mahindi na nyanya. Matibabu na shule vilianza kudai fedha taslimu. Baba aliyekuwa akijivunia kihamba akawa hana cha kuleta, na macho yote yakamgeukia mama mwenye ng'ombe mmoja na genge la nyanya. Na miaka hii ya karibuni wameingia wakopeshaji wa mitaani, wale ambao mikopo yao watu wameiita "kausha damu". Jina linajieleza. Wanadai kila wiki, riba ni kubwa, na ukichelewa wanakuja kuchukua masufuria, televisheni na hata godoro, watoto wakiangalia.

Kwa hiyo swali la kikundi si kukopa au kutokopa. Swali ni unamfanya nini mtu aliyeshindwa kulipa. Na hapo ndipo tulipokaribia kuvunjika.

Mwanachama mmoja, hatumtaji na tunaomba msimtafute, alichelewa. Kikao cha kwanza alituma salamu, cha pili hakuja. Wengine walisema aitwe asimame mbele ya wote aeleze, kwa sababu hapa kwetu tunatembea nuruni. Maneno mazuri, ya wazee wetu kabisa. Ndipo bibi wa ufunguo, ambaye tulidhani ndiye atakayekuwa mkali, akasema kwamba katika Uamsho hakuna aliyesimamishwa. Mtu alisimama mwenyewe. Ukimsimamisha mtu kwa nguvu, akasema, hiyo si nuru, hiyo ni polisi. Akakumbusha pia wale waliotubu dhambi za wenzao na nyumba zilizovunjika. Kikao kikawa kimya, na mjadala haukuishia hapo. Uliendelea vikao vitatu.

Tulichokubaliana ni hiki. Kila mwanachama ana wadhamini wawili, nao watoke mtaa anaoishi, si marafiki wa mbali. Anayeona hataweza kulipa awaambie wao kabla ya siku ya marejesho. Wadhamini wanakwenda nyumbani kwake, wanaona hali, kisha wanaleta pendekezo: aongezewe muda, au alipe kidogo kidogo, au wao wabebe sehemu. Katika kikao jina linatajwa kwa hesabu tu, si kwa hadithi. Asiyesema kabisa mpaka siku imepita, huyo anatozwa faini kama katiba isemavyo. Ukitazama vizuri utaona mambo ya zamani yamekutana humu: ujirani na wenza wa kipaimara wa kule Kidia, na kukiri kwa hiari kwa watu wa Uamsho. Hakuna aliyepanga hivyo. Ilitokea kwa sababu waliokuwa wanajadili walilelewa katika vitu hivyo.

Yule mwanachama alikuwa ameshika mkopo kwa jina lake, lakini pesa ilichukuliwa na mumewe. Hilo lilijulikana wadhamini walipofika nyumbani. Kama angesimamishwa mbele ya kikao, angesema nini? Angemtaja mume, apigwe usiku? Angenyamaza, aitwe mwizi? Alilipa yote, kwa miezi mingi, kwa pesa ya maziwa. Yuko nasi.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilitaka vikundi kama chetu visajiliwe, nasi tulitii. Ilitulazimu kuandika vizuri zaidi yale tuliyokuwa tunayafanya kwa mazoea, na tunaona imetusaidia. Ila hakuna fomu iliyouliza kuhusu mume anayechukua mkopo wa mkewe, na sisi bado hatujalimaliza. Wapo wanaosema mume atie sahihi, ili naye awajibike. Wapo wanaosema ukimpa mume sahihi umempa na mlango, kesho atataka kujua mama ana hisa ngapi, na tutarudi kwenye malipo ya kahawa. Akina mama wajane wanauliza wao watamleta nani. Wanachama wa Kikatoliki walipendekeza jambo hili lizungumzwe kwanza kwenye jumuiya, na Walutheri kwenye mitaa yao, kwa sababu huko akina baba wapo na wanaweza kusikia bila kuona kwamba wanashitakiwa.

Ajenda hiyo imepangwa kwa kikao cha kwanza baada ya mgao. Wadhamini wa kila mtaa wamepewa kazi ya kuuliza maoni kabla ya siku hiyo, na kila mwanachama aje na la kwake.